Usiridhike na neno PASSED: hotuba kwa mafundi wa kompyuta, Kisumu

Mwenyekiti, walimu wetu mlioketi mbele, mafundi wenzangu wa Kisumu, nanyi mliotoka Siaya, Kakamega, Kericho na Nakuru, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kufuatilia afya ya diski kwenye Linux na mifumo ya jamaa yake. Nitasema lililonileta bila kuzunguka. Katika ofisi nyingi za eneo hili kuna mashine inayojua kwamba diski yake inaugua, na habari hiyo inaandikwa mahali ambapo hakuna mtu anayeisoma.

Tukumbushane kwanza tunalinda nini. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilikua ikawa mfumo wa rekodi wa AMPATH, mpango wa huduma za afya wa magharibi mwa Kenya, na kuanzia 2004 wataalamu wale wale walishiriki kuanzisha OpenMRS, mfumo ambao leo unatumika katika nchi nyingi na ndio msingi wa KenyaEMR, mfumo wa rekodi wa vituo vya afya vya Kenya. Sisi wa magharibi mwa Kenya tulikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika kulifanya jambo hili, na ninajivunia hilo. Lakini chini ya OpenMRS kuna hifadhidata ya MySQL, na chini ya MySQL kuna diski. Mama anayetumia dawa za presha kwa miaka minane, historia yake yote imekaa juu ya diski hiyo. Ikifa bila nakala, daktari ataanza kumuuliza maswali upya kana kwamba hajawahi kumwona. Shule iliyo na matokeo ya wanafunzi na Sacco iliyo na akiba za wanachama ziko vivyo hivyo.

Diski ya kuzunguka ni chombo cha kustaajabisha. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, kikibebwa na hewa. Ndiyo maana watengenezaji huandika kwamba diski ya kawaida isitumike kupita takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ikiwa nyepesi kichwa hukosa cha kukibeba. Hapa Kisumu tuko kwenye mita 1,100 hivi na Nakuru 1,850, kwa hiyo upande huo hatuna wasiwasi.

Wazo la diski kujichunguza yenyewe lina umri. IBM iliuweka uwezo huo kwenye diski za mifumo ya AS/400 mwaka 1992. Mwaka 1995 Compaq ilishirikiana na Seagate, Quantum na Conner kuleta pendekezo lililokuja kuitwa SMART, likaingia kwenye viwango vya ATA, vya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, ambavyo diski zetu zinavifuata. Programu tunayoitumia sisi, smartmontools, ilianzishwa mwaka 2002 na Bruce Allen juu ya kazi ya awali ya Michael Cornwell. Allen si muuza diski. Ni mwanafizikia wa mawimbi ya uvutano, aliyekuwa na kundi kubwa la kompyuta za Linux za kuchambulia data na akahitaji kujua diski ipi inaelekea kufa. Programu hiyo imetoka kwa mtu mwenye shida kama yetu, na ni ya bure.

Ina sehemu mbili. smartctl huulizwa na mtu, nayo hujibu papo hapo. smartd hukaa nyuma kama mlinzi, ikiitazama diski kila baada ya dakika 30 usipoiambia vingine. Kwenye Debian na Ubuntu utaandika apt install smartmontools, kwenye FreeBSD pkg install smartmontools. OpenBSD na NetBSD zina atactl yao ya asili inayoweza kusoma mambo ya msingi. Majina ya diski hutofautiana: Linux itaita /dev/sda au /dev/nvme0, FreeBSD itaita /dev/ada0. Hayo mtayasoma wenyewe kwenye kurasa za maelezo za man, nami sitawachosha nayo.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Ukiandika smartctl -H /dev/sda, diski nyingi zitakujibu PASSED, yaani imefaulu. Mafundi wengi huishia hapo, wanamwambia mwenye mashine kwamba diski ni nzima, wanakunywa chai na kuondoka. Nawaomba tuiache tabia hiyo.

Neno hilo hutokana na hesabu hii. Kila kipimo cha SMART kina alama, mara nyingi ikianzia 100 au 200, ambayo hushuka hali inapozidi kuwa mbaya. Pembeni yake kuna kizingiti. Diski husema FAILED pale tu ambapo alama ya kipimo cha hatari imeshuka hadi kwenye kizingiti au chini yake. Na kizingiti amekiweka nani? Mtengenezaji, yule yule atakayebeba gharama diski ikirudishwa ndani ya muda wa dhamana. Sisemi anawadanganya. Nasema kwamba yeye anatazama diski, ninyi mnatazama rekodi za wagonjwa, na kiasi cha hatari anachoweza kukivumilia yeye si kile mnachoweza kukivumilia ninyi. Diski inaweza kuwa na mamia ya sekta, vile vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizoharibika na bado ikaandika PASSED.

Kwa hiyo tumieni smartctl -a, au -x kama mnataka yote, kisha mtazame safu ya mwisho, ile ya thamani ghafi. Katika orodha hiyo ndefu kuna vipimo vitano ninavyotaka mvijue kwa namba kama mnavyojua namba za simu za nyumbani. Namba 5 ni idadi ya sekta mbovu zilizokwisha kuhamishwa kwenye akiba, yaani sekta za ziada za diski. Namba 187 ni makosa ambayo diski imeshindwa kuyasahihisha. Namba 188 ni amri zilizopitwa na muda bila kujibiwa. Namba 197 ni sekta zinazosubiri, na 198 ni zile zilizoshindikana wakati diski ilipojikagua yenyewe. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za wateja na ambayo huchapisha takwimu za diski zake hadharani, huvitazama hivyo hivyo vitano. Mwaka 2016 ilieleza kwamba kati ya diski zake zilizokufa, asilimia 76.7 zilikuwa na angalau kimoja kati ya hivyo kilichopita sifuri. Kati ya diski zilizokuwa bado zinafanya kazi, ni asilimia 4.2 tu.

Takwimu hiyo ina upande wa pili ambao ni lazima niuseme. Asilimia 23.3 ya diski zilizokufa hazikuonyesha lolote kwenye vipimo hivyo. Watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichunguza diski zaidi ya 100,000 wakachapisha matokeo mwaka 2007, na picha yao ilikuwa kali zaidi: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na dalili katika vipimo vinne vikuu walivyovitegemea. Anayewaambia kwamba SMART inaweza kuchukua nafasi ya bakapu anawapotosha. Ufuatiliaji hukupa muda wa kujiandaa pale diski inapotoa dalili. Isipotoa, kitakachokuokoa ni nakala uliyoichukua jana usiku na ambayo umewahi kujaribu kuirejesha.

Lakini pale dalili inapotokea, ina uzito. Watafiti hao hao wa Google waliona kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Hizo ni siku za kununua diski, kunakili data na kubadilisha bila pupa. Mtu anayejua mapema hufanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi. Asiyejua huifanya Jumatatu, wagonjwa wakiwa kwenye foleni.

Hapo ndipo umuhimu wa kuandika hesabu kila siku unapoonekana. Mnaijua kadi ya kliniki ya mtoto. Nesi hapimi uzito mara moja akatoa hukumu. Huweka nukta kila mwezi, huunganisha mstari, na mstari ukianza kulala au kushuka humwita mama, hata kama uzito wa siku hiyo bado uko ndani ya kiwango. Diski isomwe vivyo hivyo. Diski yenye sekta nane zilizohamishwa, na zimebaki nane kwa mwaka mzima, sitaikimbilia. Iliyokuwa na sifuri wiki iliyopita, leo ina nane na kesho kumi na nne, hiyo naiondoa.

Kwenye Debian na Ubuntu smartd huweka kumbukumbu hizo tayari, ndani ya /var/lib/smartmontools, faili moja kwa kila diski, ikiwa na jina la modeli na namba yake. Watu wengi hawajui kwamba ipo. Kwingineko, iambieni smartd kwa chaguo la -A mahali pa kuziandika. Na smartctl za kuanzia toleo la 7.0 zinaweza kutoa majibu kwa JSON, muundo ambao programu nyingine huusoma kwa urahisi, mkiweka -j, kwa hiyo kijana anayejua Python kidogo anaweza kuchora grafu ya diski zote za kaunti yake.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye namba 197, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Sekta inayosubiri ni ile ambayo diski ilijaribu kuisoma ikashindwa. Haiwezi kuitupa mara moja, kwa sababu ndani yake kuna data ambayo pengine siku nyingine itasomeka. Kwa hiyo inaiwekea alama na kungoja. Siku mtu atakapoandika kitu kipya juu ya sekta hiyo, diski itaijaribu: ikishika vizuri, hesabu ya 197 inapungua na mambo yameisha. Ikikataa, diski huihamishia kwenye akiba na namba 5 inapanda. Sasa tazama kinachotokea madukani. Fundi anaona 197 ina sekta thelathini, anaifuta diski nzima na kuifomati upya, hesabu inarudi sifuri, anamwambia mteja kwamba diski imepona. Haijapona mpaka utazame namba 5, kisha uendeshe jaribio refu na kurudia baada ya siku kadhaa. Na data iliyokuwa kwenye zile sekta thelathini imekwenda, haitarudi.

Kuna namba inayowafanya watu watupe diski nzima bure. Ni 199, makosa ya CRC. Hayo hutokea njiani, kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA uliolegea au kuchakaa. Badilisha waya kwanza. Hesabu hiyo haishuki hata ukirekebisha, kwa hiyo andika ilikuwa ngapi siku uliyobadilisha waya, kisha angalia kama inaendelea kupanda. Vilevile msishtuke mkiona diski ya Seagate ina namba 1 yenye tarakimu nyingi ajabu. Seagate hupakia vitu viwili ndani ya tarakimu hizo, makosa na idadi ya usomaji, na sehemu kubwa ya unachokiona ni usomaji wa kawaida.

Joto nalo hutajwa sana hapa Kisumu, na kwa kweli chumba kisicho na feni saa nane mchana si mahali pa kufurahisha. Hata hivyo utafiti ule wa Google haukuona kwamba joto la wastani linaua diski kama tulivyozoea kusema. Madhara yalionekana kwenye joto la juu sana na kwa diski zilizozeeka. Pokea onyo la joto, safisha vumbi, usilale macho kwa sababu ya nyuzi 42.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika eneo letu ni stima. Ikipotea ghafla, kichwa cha diski hulazimika kukimbizwa mahali pa maegesho kwa nguvu iliyobaki, na tukio hilo huhesabiwa, kwa kawaida kwenye namba 192. Kwenye NVMe, zile diski za kisasa zisizo na sahani za kuzunguka, mstari wake unaitwa Unsafe Shutdowns. Ukikuta seva ina mamia ya hesabu hiyo, umepata jibu la kumpelekea mkuu wa ofisi anayeuliza kwa nini UPS inunuliwe. Mwonyeshe namba. Bajeti husikia namba.

Kwa kuwa nimetaja NVMe, niseme machache. Haina sekta za kusubiri kama diski ya kuzunguka. Utatazama Percentage Used, ambayo ni makadirio ya uchakavu na inaweza kupita 100 diski ikiwa bado hai, Available Spare, yaani akiba iliyobaki, na Media and Data Integrity Errors, ambayo nataka iwe sifuri. Diski za namna hii zina tabia ya kufa bila kuaga, kwa hiyo bakapu yake iwe ya karibu zaidi.

Wengi wetu tunanunua kompyuta za mitumba, na sioni aibu yoyote kwa hilo. Ndizo zilizofungua shule nyingi. Lakini nenda dukani na Linux kwenye flashi, washa mashine, soma namba 9, saa ambazo diski imewashwa. Mwaka mmoja wa kuwashwa mfululizo ni saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Hesabu hizo pia zinaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika huko Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa madukani kama mpya, SMART yake ikiwa imerudishwa sifuri. Waliozigundua walisoma kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambapo saa halisi zilikuwa bado zimeandikwa. smartctl za karibuni huisoma kwa smartctl -l farm kwenye diski za Seagate. Muuzaji akikukataza kuwasha mashine, nenda duka la jirani.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: onyo linamfikia nani? smartd, ikiwekwa bila kufikiria, hutuma baruapepe kwa root, akaunti ya msimamizi wa mashine. Kwenye seva nyingi root ni sanduku la ndani ya mashine hiyo hiyo, ambalo hakuna mtu amewahi kulifungua. Diski inalalamika, barua inaandikwa juu ya diski inayolalamika, na zote zinapotea pamoja. Kwa hiyo kwenye faili ya smartd.conf, baada ya -m, iwekwe anwani ya mtu anayesoma baruapepe, na ikiwezekana anwani mbili, kwa sababu watu huenda likizo na wengine huhamishwa kwenda Turkana. Kisha ongezeni -M test, muiwashe smartd upya, mhakikishe barua ya majaribio imefika. Isipofika, hamna ufuatiliaji, hata kama programu inaonekana inaendesha kazi yake. Ofisi isiyo na intaneti ya kutegemewa itumie -M exec kuita skripti yenu wenyewe. Smartd huipa ujumbe na jina la diski, nayo skripti inaweza kuutuma kwa SMS kupitia modemu yenye laini ya simu. Kwetu SMS hufika pale ambapo baruapepe inakwama.

Ratiba ya majaribio nayo iendane na maisha ya ofisi. Mifano mingi huweka jaribio fupi saa nane usiku na refu Jumamosi saa tisa usiku. Mashine ya shule huzimwa jioni. Iwekeni saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Jaribio fupi huchukua kama dakika mbili. Refu huchukua saa kadhaa kwa diski kubwa, lakini hufanyika ndani ya diski yenyewe mashine ikiendelea na kazi, na haligusi data. Thamani ya lile refu ni kwamba husoma hata faili ambazo hakuna aliyezifungua kwa miaka miwili, na huko ndiko sekta mbovu hujificha. Wenye mfumo wa faili wa ZFS waongeze scrub, ukaguzi wake wa data yote, kila mwezi. Wenye diski nyuma ya kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa, wasidhani DEVICESCAN, agizo la smartd la kujitafutia diski, imeziona zote. Zitajeni moja moja, kwa mfano -d megaraid,0, na za USB mara nyingi huhitaji -d sat.

Siku onyo litakapofika, naomba mfuate mpangilio huu hata kama bosi amesimama nyuma yenu. Msianze na jaribio refu, wala fsck inayokagua mfumo wa faili, wala kuwasha na kuzima kuona kama itajirekebisha. Diski inayokufa ina usomaji wenye hesabu, na usomaji huo ni wa kuokolea data. Simamisheni hifadhidata, nakilini yaliyo muhimu kwenda kwenye diski nyingine, na ikiwa kuna sehemu zisizosomeka tumieni ddrescue ya GNU pamoja na faili yake ya ramani, maana huchukua kwanza maeneo mazuri na kuyarudia mabovu baadaye, na ukikatizwa na stima itaendelea pale ilipoishia. Data ikishakuwa salama mahali pawili, hapo mnaweza kuipima diski mpaka mchoke. Na ile diski mbovu isipewe mtu wala kutupwa jalalani ikiwa na rekodi za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu, na hata isingekuwapo, mgonjwa aliwaamini.

Seva ndogo iko hapa mezani, ina diski mbili za mitumba ambazo bado sijazitazama. Sogeeni karibu, mmoja wenu akae kwenye kibodi, tuanze na smartctl --scan.